Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mawazo, Hisia na Mwili

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako, nimeisoma na kuirudia, na kwanza nakushukuru kwa kutonificha. Unaeleza kwamba daktari amekupima moyo, damu na tumbo akakuambia haoni ugonjwa wowote, lakini usiku moyo unakwenda mbio hadi hupati hata lepe la usingizi, na kila mtihani unapokaribia unakuwa matumbo joto, chakula hakipiti, kichwa kinauma. Kisha umeuliza swali ambalo naona linakukera kuliko maumivu yenyewe: je, haya ni maradhi ya kweli, au ni mawazo yako tu?

Ni ya kweli, mwanangu, na ni mawazo pia. Hapo hapana mgongano. Ubongo ni kiungo kama ini au mapafu, unalishwa na damu ileile, na kila wazo linalopita ndani yake ni kazi ya mwili. Mwaka 1978 watafiti huko San Francisco waliwapa dawa isiyo na kitu ndani yake wagonjwa waliokuwa wametoka kung'olewa magego, na baadhi yao wakapata nafuu kwa sababu tu waliitarajia. Walipopewa nalokisoni, ambayo huzuia kemikali za ubongo zinazotuliza maumivu, maumivu yao yaliongezeka. Maana yake ni kwamba matarajio yalikuwa yameufanya ubongo utoe dawa yake wenyewe. Ikiwa tumaini lina uwezo huo, hofu nayo haishindwi kulifanya tumbo lisokote, na yeyote anayekuambia kwamba unajisingizia hajui anachokisema.

Kuhusu tumbo lako hasa, jambo hili lilionekana kwa macho tangu mwishoni mwa karne ya 19, miaka michache tu baada ya eksirei kugunduliwa. Walter Cannon, wakati huo akiwa mwanafunzi wa udaktari huko Harvard, alikuwa akitazama kwa eksirei jinsi tumbo la paka linavyosaga chakula. Mawimbi ya misuli yalipita taratibu, moja likifuata jingine, lakini paka alipoogopa au kuudhika yalisimama palepale, na alipotulia yakaanza upya. Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo, mwaka 1915 Cannon alieleza kwa kirefu jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Ubongo ukiona hatari hupeleka taarifa kwenye tezi ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huongeza kasi, ini hutoa sukari, damu hupelekwa kwa wingi kwenye misuli ya miguu na mikono, na usagaji wa chakula huahirishwa kwa kuwa si wakati wake. Baada ya dakika kadhaa hufuata homoni nyingine, kotisoli, inayoufanya mwili ubaki katika hali ya tahadhari.

Mpango huu ni mzuri sana kwa hatari inayokwisha upesi. Mnyama akishamponyoka adui yake hurudi malishoni, na mwili wake hutulia. Binadamu amepewa uwezo ambao mnyama hana kwa kiwango hicho, yaani kuitazama leo hatari ya mwezi ujao na kuirudia tena jana yake iliyopita, na kila anapofanya hivyo tezi zilezile hupokea taarifa ileile. Wewe uko kitandani, mlango umefungwa, hakuna anayekufukuza, lakini karatasi ya mtihani ambayo bado haijachapishwa imekwisha kuuamuru moyo wako kukimbia.

Sasa tuje kwenye mawazo yenyewe, maana hapa ndipo napenda unisome kwa utulivu. Katika miaka ya 1960, daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck, aliyekuwa akifanya kazi Philadelphia, alitambua kwamba kati ya tukio na hisia wagonjwa wake walikuwa na wazo fupi, la haraka, lililojitokeza lenyewe bila kuitwa, na mara nyingi hawakulitilia maanani. Waliyoyakumbuka ni tukio na uchungu wake; lile wazo la katikati lilipita kama lisilokuwapo. Chukua mfano huu. Umemtumia rafiki yako ujumbe, unaona ameusoma, na saa tatu zinapita bila jibu. Kama wazo lililopita ni kwamba amekuchoka, utahisi unyonge, kifua kitakuwa kizito, na kesho mkikutana utamsalimia kwa ubaridi au utajifanya hukumwona. Yeye, asiyejua lolote, ataona umebadilika naye atajiweka mbali. Baada ya wiki moja utakuwa na ushahidi kamili kwamba alikuwa amekuchoka, na ushahidi huo umeutengeneza wewe. Kama wazo lililopita ni kwamba huenda ameshikwa na shughuli, utampigia simu jioni na mambo yataishia hapo. Ujumbe ni uleule, ukimya ni uleule, na bado hisia, tabia na hata urafiki vimekwenda njia mbili tofauti.

Angalia kwamba sikusema wazo la pili ndilo la kweli. Huenda kweli amekuchoka. Siwapendi wanaohubiri kwamba mtu afikirie mazuri tu na dunia itamnyookea, kwa sababu uongo mtamu hauna nguvu ya kumshikilia mtu siku ya shida. Ninachokuomba ni kuliuliza wazo maswali kabla ya kulitii: linajua nini hasa, na linakisia nini? Ukiwaza kwamba lazima utafeli na maisha yako yamekwisha, hilo lina makisio mawili yaliyofungwa pamoja. Kufeli kunawezekana, lakini mtu anayefeli somo hulirudia, huchelewa, huumia, kisha huendelea. Wazo la namna hii halipendezi, ila ni la kweli, na mwili hulibeba bila kulazimika kukimbia.

Vilevile usijaribu kulifukuza wazo kwa nguvu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu kwa dakika 5 wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila anapowajia. Kengele zililia. Tena, waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wenzao ambao hawakuwa wamekatazwa. Ndiyo maana kujiambia usiku kucha "nisiwaze, nisiwaze" hakukusaidii. Mimi nakushauri uliandike wazo hilo kwenye karatasi, kwa maneno yaleyale linayokuja nayo, kwa kuwa likishaandikwa linaweza kusomwa na kupimwa. Kuandika si dawa ya kila mtu. Tafiti nyingi kuhusu kuandika mambo yanayoumiza zimeonyesha faida ndogo, na wengine huhuzunika zaidi mara baada ya kuandika kabla ya kupata nafuu. Hata hivyo halina gharama, na nakujua tangu utotoni kuwa mtu wa kalamu.

Uliuliza kama msongo huu unaweza kukudhuru ukiendelea. Ukiwa wa muda mfupi, hapana, usiogope; mwili uliumbwa uweze kuuvumilia. Ukidumu miezi na miaka, ndiyo, unadhuru. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti ambao watu 394 wenye afya walikubali kutiwa virusi vya mafua puani, na waliokuwa na msongo mkubwa zaidi ndio walioambukizwa na kuugua kwa wingi zaidi. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Ohio waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri unaolingana wasiokuwa na mzigo huo. Kila mmoja alitobolewa kidonda kidogo cha duara mkononi, chenye upana wa milimita 3.5, kikatazamwa mpaka kipone. Vidonda vya wale wauguzaji vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Mara nyingi humfikiria mwanamke mmoja kati ya hao, anayelala kidogo na kuamka mara kwa mara usiku, huku ngozi yake ikingoja zamu ya kuhudumiwa. Hakuwa mdhaifu wala mwenye mawazo mabaya. Alikuwa amebeba mzigo kwa muda mrefu, na kinga yake ililipia.

Iko njia nyingine ambayo wazo huupitia mwili, na naona haisemwi vya kutosha kwa sababu haina maajabu: tabia. Aliyeamini kwamba hafai kitu haoni sababu ya kutembea, kulala kwa wakati, kumeza dawa zake za presha au kwenda kliniki. Hujifungia, hula ovyo au haoni hamu ya kula kabisa, wengine hukimbilia pombe na sigara. Madhara mengi ya moyo na mishipa tunayoyahesabu kuwa ya huzuni huingia kwa mlango huu wa kawaida.

Pamoja na hayo yote, nakukataza kitu kimoja: usimwambie mgonjwa yeyote kwamba amejiletea ugonjwa kwa mawazo yake, wala usijiambie hivyo wewe. Kwa miaka mingi waliougua vidonda vya tumbo waliambiwa kwamba chanzo ni wasiwasi wao. Kisha Barry Marshall na Robin Warren, huko Perth nchini Australia, wakaonyesha kwamba vingi vya vidonda hivyo huletwa na bakteria. Ili kuwashawishi waliopinga, mwaka 1984 Marshall alikunywa mchanganyiko wenye bakteria hao na ukuta wa ndani wa tumbo lake ukapata uvimbe, na mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Watu wasiohesabika walikuwa wamelaumiwa kwa tabia zao ilhali walihitaji antibayotiki. Na njia hii ina pande mbili: upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo au kukosa usingizi huweza kuleta unyonge na wasiwasi vinavyofanana kabisa na vya mawazo. Kwa hiyo ulifanya vyema kuanza na vipimo, na kama dalili zitabadilika urudi upimwe tena.

Nirudi kwenye usiku wako, kwa kuwa ndio unaokusumbua zaidi. Nimeisoma aya yako ile kwa makini na naona mzunguko ndani yake. Moyo unaanza kudunda, wewe unausikiliza, unajiuliza kama ndio mshtuko wa moyo, wazo hilo linakutisha, adrenalini inaongezeka, moyo unadunda zaidi, nawe unahesabu huo mdundo mpya kuwa uthibitisho wa ulichokuwa ukikiogopa. Kila hatua inailisha inayofuata. Moyo wako umepimwa na ni mzima. Unachokisikia ni moyo wenye nguvu unaotii amri isiyo na msingi. Ukianza tena, usikimbilie kupima mapigo. Keti, uache udunde, na vuta pumzi polepole, ukiitoa kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, maana moyo hupunguza kasi kidogo kila mtu anapotoa pumzi. Wimbi hilo hupanda, hufika kilele, kisha hushuka lenyewe. Usiku wa kwanza utaona kama halishuki. Vumilia.

Na usiukimbie mtihani. Najua umefikiria kuuahirisha, na najua ukiuahirisha utapumua siku hiyohiyo. Hiyo nafuu ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu ubongo hujifunza kutokana nayo kwamba hatari ilikuwa ya kweli na kukimbia ndiko kulikokuokoa, na mtihani utakaofuata utakutisha maradufu. Ingia chumbani hata kama mikono inatetemeka. Mikono inayotetemeka huandika.

La mwisho uliuliza kwa maneno machache, kana kwamba una haya: je, ni aibu kumwona mshauri nasaha? Si aibu hata kidogo, na wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kama unyonge au kutopata raha katika mambo uliyokuwa ukiyapenda kumekaa nawe karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usisubiri zaidi. Na kama siku yoyote litakujia wazo kwamba ni heri usingekuwapo, usilipime peke yako wala usilale nalo. Mwambie aliye karibu nawe saa hiyohiyo, unipigie mimi hata kama ni usiku wa manane, na uende hospitali.

Ukienda kwa mshauri, chukua zile karatasi ulizoandika. Atataka kujua ni kitu gani hupita akilini mwako kabla tu ya moyo kuanza kwenda mbio, na ni vigumu kukikumbuka mchana ukiwa umekaa mbele ya mtu mgeni. Mweleze pia kuhusu usingizi, chakula na dawa zozote unazotumia, hata zile za kununua bila cheti. Kama hamtaelewana, omba mwingine; hilo linaruhusiwa na wala si utovu wa adabu. Nijulishe siku utakayopangiwa, ili nijue ni lini nikupigie.

Ni mimi mama yako akupendaye.