Wifi, mwache Sultani chini ya kitanda

Wifi yangu,

Simu hupokei, na kwenye grupu la ukoo umenitoa kwa kidole chako mwenyewe. Basi naandika hapa penye watu, maana najua utapita kusoma hata kama hutaniambia. Jina lako silitaji. Wanaokujua wanakujua tayari. Wengine wachukue linalowafaa kuhusu paka, ya ukoo watuachie wenyewe.

Siku ya arobaini ulisema mbele ya wazee kwamba paka wawili wa mama, Sultani na Nyota, hawatalala nje maadamu wewe uko hai. Wengine walikuwa wanagombania kochi na televisheni, wewe peke yako ndiye uliyeuliza wale paka watakula nini. Nilikushukuru siku ile, na shukrani hiyo sijaifuta.

Lakini ile video ya Idd, wifi.

Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Unawaambia wageni, "Ngojeni niwaonyeshe urithi wetu," kijana anakufuata na simu mpaka chumbani, unapiga magoti, unainua shuka. Sultani yuko kwenye kona ya ukuta. Miguu yote minne kaikunja chini ya tumbo, mkia kaubana ubavuni, macho meusi matupu kwa jinsi mboni zilivyotanuka. Hilo ni onyo la kwanza: paka aliyeganda hivyo hajatulia, ameogopa. Mkono wako unaingia, masikio yanalala upande. La pili. Ukiongeza sauti, chini ya kicheko cha wageni utamsikia akinguruma kooni, nguruma ndefu isiyopanda wala kushuka. La tatu. Kisha anakutolea sauti ya "hsss", meno nje. La nne. Ndipo ukamshika mguu wa nyuma ukamburuta, ukamnyanyua mbele ya watu akiwa ananing'inia, naye akakukwaruza mkono kuanzia kiwiko.

Maonyo manne, wifi, na wewe unasema amekurukia bila sababu.

Sikasiriki kwa mkwaruzo wala kwa kicheko. Naisema ile sehemu ya mwisho, mlango ukifunguliwa, mvua inanyesha, na paka wa mama anatupwa nje ya geti huku ukisema "hana shukrani huyu." Sote tumelelewa tukisimuliwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwasimulia watoto. Askari wako wa geti alimhifadhi kibandani hadi asubuhi. Mungu amlipe kheri.

Unasema, mbona Nyota alikupanda mapajani siku ya pili tu? Kwa sababu Nyota alizaliwa jikoni kwa mama, akapita mikononi mwa watoto wa mtaa mzima wa Walukuba, kule Jinja. Kitoto cha paka kikishikwa shikwa na watu kwa upole kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi, kinakua kikijua mkono wa mtu ni kitu cha kawaida. Dirisha hilo likifungwa, kazi inabaki ya muda mrefu. Sultani aliokotwa kwenye mwalo wa Masese tayari dume zima, sikio limeraruka. Utamlinganishaje na Nyota?

Na unakumbuka mama alivyompata. Hakumfukuzia. Alikaa kibarazani akachambua mukene, wale dagaa wa ziwani, mgongo kampa paka, kimoja kimoja anakitupa nyuma bila kugeuka. Kila jioni mahali pale pale, saa ile ile. Kadiri siku zilivyokwenda alivitupa karibu zaidi na mkeka, mpaka paka akawa anakula juu ya upindo wa kanga yake. Hakuna aliyeona siku alipomgusa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mama hakuifanya kuwa sherehe. Hivyo ndivyo paka mtu mzima anavyopatikana, na wewe ulikuwa umekaa pale pale ukiona.

Sasa sikiliza, kabla hujasema nakufundisha kama mtoto.

Mpe chumba kimoja. Nyumba nzima kwa paka aliyehama ni kubwa mno; hajui hatari itatokea wapi. Ile stoo ya karibu na jiko inatosha, ikiwa na dirisha lenye wavu na mlango unaofungwa. Weka boksi la karatasi ubavuni, mdomo uelekee ukutani, ndani tandika ile kanga ya mama aliyokuwa akilalia. Usiifue! Kwa paka nyumbani ni harufu. Kisha chukua soksi safi, siku atakayokubali umpapase nayo mashavuni, uisugue kwenye pembe za mlango na miguu ya meza, kimo cha kichwa chake, sentimita 20 au 25 kutoka sakafuni. Paka huacha harufu yake kwa mashavu. Ukimsaidia kuisambaza, chumba kinaanza kuwa chake.

Ndani kuwe na pa kujificha, na pa kupanda pia, hata rafu moja tu. Wengi wanaziba chini ya kitanda ili paka "azoee watu." Wanakosea. Paka mwenye mahali pa kukimbilia hutoka mapema kuliko aliyenyimwa, kwa kuwa anajua akitishika atarudi.

Beseni la choo liwe pana, refu mara moja na nusu ya mwili wake, ukingo mfupi upande mmoja. Mchanga wa ujenzi uliochekechwa unafaa, kina cha sentimita 5 hadi 7. Changanya na ule wa zamani niliokujazia ndoo, ili akute harufu anayoijua. Zoa kila siku, asubuhi na jioni. Paka wawili wanataka mabeseni matatu, na hakuna hata moja liwe karibu na chakula. Ulilalamika amekojoa juu ya godoro la mtoto: uliweka beseni moja tu, pembeni mwa mashine ya kufulia, na Nyota alikuwa amelitangulia. Paka aliyeogopa hatapita mbele ya mashine inayotikisika kwenda kwenye choo cha mwenzake.

Godoro lenyewe usilimwagie Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo. Jik ikikutana na mkojo hutoa hewa mbaya kwa kifua, cha mtoto na cha paka. Nyonya mkojo kwa taulo, kisha siki na maji nusu kwa nusu, uanike juani. Na sakafu ya stoo usiipige Dettol. Zile dawa zinazogeuka nyeupe zikitiwa majini zina kitu ambacho ini la paka haliwezi kukivunja. Anakanyaga, analamba nyayo, anaugua. Sabuni ya kawaida na kusuuza vizuri kunatosha. Tukiwa hapo hapo: Panadol hata nusu kidonge inaweza kumuua paka. Dawa ya viroboto ya mbwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe, usiziweke hata karibu yake.

Chakula. Posho, yaani ugali, na maziwa si chakula cha paka, na maziwa huwaharisha wengi wakishakuwa wakubwa. Mukene mkavu mara nyingi huanikwa mchangani, kwa hiyo uoshe maji matatu mpaka mchanga uishe, uloweke, uchemshe bila chumvi, bila kitunguu, bila Royco. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya paka. Lakini samaki peke yake kila siku nako kunamdhuru. Changanya na kuku wa kuchemsha, moyo wa ng'ombe, na ini kidogo mara moja kwa wiki, si zaidi, maana ini likizidi huharibu mifupa. Ukinunua chakula kikavu cha dukani, paka wa kilo 4 anatosheka na gramu 50 hadi 60 kwa siku. Maji yakae mbali na sahani, kwenye bakuli pana.

Pima anachokula. Akipitisha siku nzima bila kula mpigie daktari wa mifugo. Usisubiri siku ya tatu, hasa kwa paka mnene kama yeye: asipokula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulikaba. Na dume likichuchumaa beseni mara kwa mara bila kutoa kitu, au likilia likikojoa, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Njia ya mkojo imeziba, na kuchelewa kunaua.

Sasa kukaa naye. Hapa ndipo ulipoharibu, na hapa hapa ndipo pa kutengeneza. Ingia stoo mara mbili kwa siku, dakika 15 au 20, wakati wa chakula. Kaa chini, ubavu ndio umwelekee. Usimkodolee macho; kwa paka kumkazia macho ni kumtafuta ugomvi. Soma kitu kwa sauti ya chini, chambua maharage, zungumza na dada yako kwenye simu kama usivyozungumza na mimi. Sahani iwe mbali nawe mwanzo, isogee kwa upana wa kiganja kila baada ya siku mbili tatu. Akisita, irudishe ilikokuwa jana.

Akikutazama, fumba macho nusu, taratibu, uyafumbue taratibu, kisha geuza uso. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliandika mwaka 2020 kwamba paka hujibu kwa kufumba wao pia, na humsogelea zaidi mgeni anayewafumbia kuliko anayewatazama bila kufanya lolote. Mama hakusoma Sussex, na alikuwa akifanya hivyo hivyo.

Siku atakayokuja mwenyewe, na atakuja, toa kidole kimoja, usawa wa pua yake, mkono ukiwa umelegea. Anuse. Akisugua shavu, mpapase shavuni au chini ya kidevu, mara tatu, uache. Akirudi kutaka tena, endelea. Tumbo usiliguse hata akilala chali. Amekuonyesha tu, hajakukaribisha. Ngozi ya mgongo ikichezacheza, mkia ukipiga sakafu, masikio yakigeuka nyuma, toa mkono pale pale. Kila mara ukitoa mkono kabla hajakukwaruza, anajifunza kwamba kwako onyo dogo linatosha. Siku ya Idd alijifunza kinyume chake, na ndiyo maana sasa anakwaruza haraka. Watoto wafundishwe hayo, na wasimfuate chini ya kitu chochote. Mchezo wafanye: kamba yenye unyoya ncha moja, dakika 10 kabla ya chakula, mkono wa mtoto ukiwa mbali na makucha.

Wanaohudumia paka wa kuokotwa huhesabu kwa kukadiria siku 3 za hofu, wiki 3 za kujua ratiba ya nyumba, miezi 3 za kujiona yuko kwake. Kwa dume la mwalo, lililoondokewa na mwenyewe na kusafirishwa guniani, mimi ningeongeza. Na asitoke nje kabisa kabla ya mwezi kupita, la sivyo atajaribu kurudi Jinja, na unajua barabara ile ilivyo. Siku ya kwanza ya kutoka iwe kabla hajala, ukiwa umesimama mlangoni na sahani.

Najua utakachosema: kama unajua yote haya mbona hukumchukua wewe? Mwenye nyumba wangu hataki hata kuku, na mtoto ana pumu. Unayajua hayo, na uliyatumia vizuri mbele ya kaka. Lililokuwa mkononi mwangu nililifanya. Boksi la kuwasafirishia, lenye mlango wa waya, nililinunua mimi, maelekezo niliyaandika na kuyabandika juu yake, ya chakula, ya mchanga, ya kanga. Boksi likabaki kibarazani Walukuba, paka wakafungwa guniani mpaka kwako Kireka, karibu na Kampala, ndani ya buti la gari, na mimi nikaambiwa najifanya daktari. Sikusema neno, kwa heshima ya kaka. Sasa nasema.

Na bado nasema wewe ndiye unayefaa. Nyota kanenepa, manyoya yanang'aa. Mtu asiyependa paka hafikishi hapo. Ulimtaka Sultani akupende haraka ili watu waone mama amekuachia kitu, nami nakuelewa kwa hilo, kwa kuwa sote tulitaka mama atuachie kitu. Ila paka hajui habari za urithi.

Ule mkono uliokwaruzwa uliuosha? Siku nyingine, hasa akikuuma, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kituo cha afya, usingoje. Kadi yake ya chanjo iko kwangu, na ya kichaa cha mbwa inakwisha mwezi huu. Nitampa kaka kadi na boksi Jumapili akipita. Mpeleke kwenye kliniki ya wanyama wadogo pale Makerere, au kwa daktari yeyote wa mifugo unayemwamini. Boksi lianze kukaa wazi stoo tangu Jumapili hiyo hiyo, sahani ndani yake, ili siku ya safari aingie kwa miguu yake. Juu ulifunike kwa kitambaa. Na mwambie daktari asimshike shingo.