Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Jimbo: kabla hamjatununulia piano

Mheshimiwa Waziri,

Nawasalimu kwa heshima kutoka Katuba, hapa Lubumbashi.

Siku ya kufunga mwaka wa masomo mlikaa mstari wa mbele katika ua wa shule yetu, sekondari ya sanaa, kwenye kiti cha plastiki ambacho mama mmoja alikifuta mara tatu kabla hamjafika. Mliwatazama watoto wakicheza. Mkasimama mbele ya picha za darasa la mwisho muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Niliwaona walinzi wenu wakiangalia saa. Kisha mkashika kipaza sauti, mkasema mtatutafutia piano. Vigelegele vikajaa ua mzima. Na mimi nilipiga makofi. Halafu nikarudi nyumbani, nikafungua kaye, yaani daftari la hesabu, na usingizi ukanipaa.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya wazazi. Nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya migodi kwa miaka 22, na kazi hii ya sasa silipwi hata faranga. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo hili si letu peke yetu. Ombi langu ni fupi: pesa ya piano, kama ipo, isinunue piano. Ije kwetu kidogo kidogo, kila mwezi, iwe ya walimu.

Niwaeleze shule hii inavyokula. Si shule ya serikali, na hakuna mwalimu wetu hata mmoja aliye kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya msingi, kama ibara ya 43 ya Katiba ya Kongo inavyosema. Sisi ni sekondari, kwa hiyo mzazi analipa minervali, yaani ada. Wazazi wa nchi hii hawashangai. Tangu miaka ya 1990 ndio waliobeba walimu mgongoni kwa primi, michango ya kujazia mishahara, hata katika shule za serikali yenyewe.

Lakini sekondari ya sanaa ina tumbo lake. Somo la historia linahitaji mwalimu mmoja, chaki, na watoto 50 wakae wamebanana. Somo la tarumbeta linahitaji mwalimu mmoja, watoto wanne, na tarumbeta. Huwezi kufundisha watoto 50 kupuliza kwa pamoja; majirani wangetufukuza, na hakuna ambaye angejifunza kitu. Rangi nazo huliwa kama unga wa bukari, ugali wetu: ulinunua wiki jana, leo kopo ni tupu, na nyingine ipo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, inasubiri lori. Nimepiga hesabu hii mara nyingi kwa kalamu mbili tofauti. Hata kila mzazi akilipa minervali yote, tena kwa wakati, pesa haifiki mwisho wa mwezi. Tukipandisha minervali mpaka ifike, tutabaki na watoto wa wakubwa tu. Mtoto aliyechora picha ile iliyowasimamisha, ya mwanamke anayevuka reli na bidoni kichwani, atakuwa wa kwanza kuondoka. Baba yake anasukuma mkokoteni.

Pengo hilo linazibwa na zawadi, na watoaji mngewapita njiani bila kuwajua. Mhitimu wetu mmoja anafanya kazi Zambia. Kila mwisho wa mwezi simu yangu inalia, kimeingia kiasi kilekile, kidogo, bila neno. Kuna fundi wa magari aliyefungua tarumbeta iliyokwama, akakuta mtu alitia mafuta ya kupikia kwenye vali zake, akaisafisha siku nzima na akakataa malipo. Wanamuziki wa harusi hutupa malipo ya Jumamosi moja kila muhula. Parokia jirani inatuazima viti, pamoja na hicho mlichokalia.

Na kuna mama wa makala, yaani muuza makaa. Msimu wa mvua, makala yakiwa ghali kwa sababu barabara zimekufa, alikosa minervali ya binti yake. Akaja na gunia kichwani. Mimi, karani wa zamani, nilitaka kulikataa: gunia haliingii kwenye safu ya mapato. Mwalimu wa kuchora akanipita, akalimwaga sakafuni. Watoto wakachuchumaa, wakachagua vijiti vyembamba, vile vilivyoiva sawasawa, ambavyo vikigongana hulia kama kioo. Wakavijaza katika makopo mawili ya maziwa ya unga, wakachora navyo mpaka Pasaka. Makubwa tulimuuzia mama anayepika langoni. Kwenye kaye niliandika: makala, gunia 1. Chini yake: minervali ya muhula, imelipwa.

Mtaona kwamba kati ya hao wote hakuna aliyetoa kitu cha kupigwa picha. Huo ndio ugonjwa wa zawadi kubwa, Mheshimiwa. Mtu anapenda kutoa ngoma. Mshahara wa mpiga ngoma hauna utepe wa kukata. Miaka miwili iliyopita msamaria mmoja wa ng'ambo alitutumia kinanda cha umeme, kwa moyo safi kabisa. Kikafika mpakani, kikakaa. Ofisi moja ikataka tuthibitishe kwamba ni zawadi wala si bidhaa. Kila karatasi tuliyoleta ilizaa nyingine, na siku za ghala zikahesabiwa. Mwishowe tulilipa pesa za kutosha kumlipa mwalimu wa nyimbo kwa miezi. Kinanda kikaingia shuleni kwa shangwe. Wiki ya tatu umeme ulirudi kwa kishindo baada ya kukatika, ukaunguza adapta. Leo ni meza nzuri sana. Katibu anapanga juu yake rejista.

Piano halisi haili umeme, kweli. Ila ina nyuzi zaidi ya 200 na mbao inayosikia hewa. Mnaujua mji wetu: kuanzia Mei hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, asubuhi za Juni tunavaa makoti, halafu Novemba mvua inaanza kumwagika. Mbao itasinyaa na kuvimba kila mwaka, nyuzi zitalegea, na kila mara tutamtafuta fundi wa kuzikaza na nauli yake. Tutapewa mtoto wa kulea, tena mwenye afya dhaifu.

Nilipokabidhiwa kaye hii nilijiuliza wengine wanaishije, nikatafuta. Huko Marekani, katika misitu ya Michigan, kuna Interlochen: ilianza 1928 kama kambi ya muziki ya wakati wa likizo, na mwaka 1962 ikafungua sekondari ya bweni ya sanaa. Mjini Chicago kuna Chicago Academy for the Arts, iliyofunguliwa 1981. Zote si za serikali. Nilidhani ada yao, ambayo hapa Katuba ingemnunulia mtu kiwanja, inamaliza kila kitu. Haimalizi! Nao pia kila mwaka huwaendea wazazi, wahitimu na majirani, wakiomba. Hapo nilipumua, maana nilikuwa nikiamini kwamba pengo letu ni aibu ya usimamizi mbaya. Kumbe kufundisha sanaa kwa vikundi vidogo ndivyo kulivyo popote, na wenzetu wameacha kuliita pengo hilo dharura, wanalipangia.

Sheria inawasaidia. Kule, tangu 1917, mtu anayetoa kwa ajili ya elimu au hisani anaruhusiwa kukiondoa alichotoa kwenye mapato yanayotozwa kodi, kwa hiyo risiti ya shule ni karatasi yenye thamani. Na zawadi nyingine huwekwa zisiguswe, shule ikala faida yake tu. Ndugu zetu Waswahili wa pwani wana neno lao la zamani kwa jambo hilo, wakfu: mtu anatoa shamba la minazi, nazi zinasomesha watoto, na mnazi hauuzwi.

Sisi hatuna matajiri wa Chicago. Tuna historia, na hiyo inanitisha kuliko kunifariji. Mwaka 1946, mji huu ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar. Vijana waliingia pale bila kuambiwa waige Ulaya. Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki wake kwa vidoa. Bela akaacha burashi, akapaka kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga akajenga watu wake kwa mistari mifupi iliyolazwa pamoja. Watalii bado wanaulizia majina hayo. Lakini Romain-Desfossés alifariki 1954, na Hangar haikuendelea peke yake. Ilimezwa na Akademia ya Sanaa ambayo Laurent Moonens aliianzisha hapahapa 1951. Karakana nzima ilikuwa imening'inia kwenye msumari mmoja. Ndiyo maana mhitimu wetu wa Zambia, na wenzake 40 wa aina yake, wananipa usingizi kuliko mfadhili mmoja mwenye gari refu.

Mfadhili wa namna hiyo tulimpata, msidhani hatukujaribu. Alitaka kila darasa lichore sura yake kabla ya uchaguzi. Tulimrudishia bahasha, na mwezi ule walimu walilipwa kwa wiki mbili za kuchelewa. Wazazi wengine hawajanisamehe mpaka leo, nami siku nyingine nawaelewa.

Najua mtauliza kwa nini tusiombe walimu wetu waingizwe kwenye orodha ya serikali, tumalize. Tumelijadili mpaka usiku. Mwalimu wetu wa gitaa hana diploma. Anapiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, mtindo uleule wa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Alifundishwa na baba yake, kwenye gitaa lenye nyuzi za breki ya baiskeli. Orodha itataka diploma. Sisi tunamtaka yeye. Uhuru huo una bei, na bei yake ndiyo ninayoiandika kila usiku kwenye kaye.

Basi, kama mtakubali, piano igeuke mishahara ya walimu wawili, huyo wa gitaa na yule wa kuchora, kwa miaka mitatu, kwa barua yenye muhuri ili anayekuja baada yenu asiisahau. Hilo ndilo kubwa.

La pili halina gharama. Sheria namba 004/2001 ya Julai 20, 2001 inazitambua jumuiya zisizotafuta faida, na yetu ni mojawapo. Lakini kwenye madirisha ya ofisi bado tunapokewa kama duka. Waraka mmoja kutoka kwenu, unaosema zawadi kwa shule ni zawadi na risiti yetu iheshimiwe, ungetuokolea vinanda vingi.

Na mna sikio la watu wa migodi. Sheria ya madini kama ilivyorekebishwa 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Pesa hizo si za Katuba, nami siziombi kwa ajili ya paa letu. Lakini tunaye mvulana wa Kipushi anayelala kwa shangazi yake hapa ili asome kuchonga, na wasichana wawili wa Kambove, yote miwili miji ya migodi. Je, minervali yao haiwezi kutoka huko, pamoja na visima na madarasa? Wawakilishi wa jamii zao wakiulizwa na mtu kama ninyi, watajibu. Mimi niliandika barua mbili, sijajibiwa.

Kaye ya hesabu iko wazi kila Jumatano, saa tisa mchana, chini ya mwembe ulio kando ya ofisi. Karibuni hata bila taarifa. Mtakuta safu ya makala ndani yake.

Na kama piano imeshanunuliwa, Mheshimiwa, tutaipokea kwa nyimbo, sitawaaibisha. Naomba tu mtujulishe upana wake mapema. Mlango wa darasa la muziki ni sentimita 80, na mwashi anayeweza kuubomoa vizuri ni baba wa mpiga tarumbeta wetu. Atatoza saruji tu.

Wenu kwa heshima,

Mweka hazina wa kamati ya wazazi
Katuba, Lubumbashi