Barua kwa shangazi anayetaka kwenda Filipi

Shangazi, shikamoo.

Nimesikia jumuiya yenu inachanga fedha za safari ya kufuata nyayo za Mtume Paulo, na kwamba wakala amewapangia wiki nzima Athene na saa moja tu kwenye magofu ya Filipi. Ratiba hiyo ikataeni.

Matendo 16, sura unayoijua kwa moyo, ni habari za kaskazini mwa Ugiriki. Paulo alishuka chomboni Neapoli, ambayo leo ni Kavala, mji wa bandari uliokwea kilima, kisha akaenda Filipi, kama kilomita 15 kuelekea bara. Barabara ya Warumi, Via Egnatia, bado inaonekana kando ya uwanja wa mji, mawe yake yamechimbwa mifereji na magurudumu ya mikokoteni.

Watawapeleka kwenye "gereza la Paulo". Wanaakiolojia wanasema lilikuwa tangi la maji la Kirumi, watu wakaja kuliheshimu kama gereza baadaye sana. Salini, sala haina hasara, ila msimalize machozi yote pale. Bakizeni ya Oktagoni.

Hayo ni mabaki ya kanisa la pembe nane, na chini yake palikuwa na kanisa dogo lililolitangulia. Sakafu ya lile dogo ni ya vijiwe vya rangi, na katikati ya vijiwe kuna maandishi ya Kigiriki: Askofu Porphyrios ameitengeneza sakafu hii ya basilika ya Paulo katika Kristo. Huyo Porphyrios alihudhuria mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Serdica, Sofia ya leo, mwaka 343. Yaani, Shangazi, haikupita hata miaka 300 tangu Paulo apigwe bakora Filipi, na mji uleule ukawa na kanisa lenye jina lake! Tena pembeni kabisa kuna kaburi la shujaa wa kipagani, la karne ya 2 kabla ya Kristo. Waliojenga walilizungushia majengo yao, chumba cha maiti kikabaki chini vilevile. Mimi nilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Basilika B, magofu ya kanisa jingine kubwa, mtaiona kwa mbali kwa sababu ya nguzo zake nene. Kuba lake liliporomoka katika karne ya 6, kanisa halijawekwa hata wakfu. Baadaye watu waligeuza ukumbi wa mbele kuwa kanisa dogo, wakaridhika. Jirani kuna vyoo vya Kirumi vya mawe, watu wakikaa bega kwa bega. Vijana watacheka, waacheni.

Mahali panapokumbukwa ubatizo wa Lidia, yule muuza nguo za zambarau wa Matendo 16, ni kijito chenye miti, na kanisa la karne ya 20. Watu hubatizwa palepale majini. Pumzikeni hapo, maana magofuni kivuli ni haba.

Kavala nako msikimbie. Kanisa la Mtakatifu Nikolao lilikuwa msikiti wa Ibrahim Pasha, wa karne ya 16, na nje yake kuna mozaiki kubwa ya Paulo akiwasili.

Viza ni ya Schengen, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Mwambieni wakala mlale Kavala, asubuhi mpande basi la kwenda mji wa Drama, mshukie Filipi jua halijawa kali. Athene siku mbili zinatosha.