Barua kwa mjomba ambaye bado anamlilia Romo

Mjomba wangu, shikamoo.

Kila msimu wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ukikaribia unalifufua lile la 2016, na kila nikianza kukujibu kwenye simu watu wa nyumbani wanatukatiza. Leo nakujibu hadharani, maana pale Dallas na Arlington wako wengi wa rika lako wanaosema kama wewe: Tony Romo, kwotabeki wa Dallas Cowboys, yaani mtoa pasi na mwongoza mashambulizi, alidhulumiwa, namba ilikuwa yake, na kijana Dak Prescott aliyemshikia nafasi alipoumia alipaswa kurudi benchi mara tu mwenye namba alipopona mgongo.

Romo simvunjii heshima. Mwaka 2014 aliifikisha Dallas ushindi wa mechi 12 kati ya 16, akatoa pasi 34 za tachidauni, yaani za kufunga kwa kuufikisha mpira mwisho wa uwanja. Mwaka uliofuata mfupa wa bega ulimvunjika mara mbili. Mechi nne alizoanza, timu ilishinda tatu. Kumi na mbili alizokosekana, ikashinda moja. Anayesema mzee yule alikuwa mzigo hakuwa akiangalia mechi.

Ila hesabu hiyohiyo ya 2015, Mjomba, ndiyo inayoibomoa hoja yako kuu. Unasema Prescott alibebwa na ile safu ya mbele inayomkinga, ya kina Tyron Smith, Travis Frederick na Zack Martin, na kwamba nyuma ya ukuta ule kwotabeki yeyote angeng'ara. Mbona wa akiba wa 2015 hawakung'ara? Watatu hao walikuwepo, na mkimbiza mpira wetu Darren McFadden alikimbia zaidi ya yadi 1,000 msimu ule. Ni kweli mkimbiza mpira mpya, Ezekiel Elliott, alipokuja 2016 alikimbia yadi 1,631 na kuongoza ligi nzima, na alimrahisishia kijana kazi sana. Lakini Elliott hakumfundisha mtu kutoa pasi 23 za tachidauni huku nne tu zikinaswa na wapinzani. Hiyo ni akili ya kwotabeki mwenyewe, tena mgeni wa ligi, aliyekuwa wa 135 timu zilipochagua wachezaji wapya.

Prescott alianza kwa kufungwa na New York Giants, 20 kwa 19, kisha Dallas ikashinda mechi 11 mfululizo. Hapo ndipo tunapoachana mimi na wewe. Wewe unapima nani bora kati ya watu wawili, na katika mizani hiyo huenda Romo mzima wa afya alimshinda. Mimi naangalia wale kumi wengine uwanjani. Kwotabeki ndiye sauti yao. Anavyohesabu kabla mpira haujatolewa, anavyochelewa au kuwahi nusu sekunde, mahali anapopenda kuuweka mpira mpokeaji akigeuka, yote hayo wenzake huyazoea kwa wiki nyingi hadi wanacheza bila kufikiri. Kuikata sauti hiyo katikati ya ushindi, umlete mtu ambaye mgongo wake umetoka kuvunjika pingili, ni kuwaambia wachezaji kwamba uwanja hauamui kitu.

Na wewe unajua Romo aliipataje namba. Oktoba 2006, dhidi ya Giants, kocha Bill Parcells alimpumzisha kwotabeki wake Drew Bledsoe wakati wa mapumziko, akamwingiza kijana ambaye mwaka 2003 hakuna timu iliyomchagua. Pasi yake ya kwanza siku hiyo ilinaswa. Dallas ikafungwa. Parcells hakumrudisha Bledsoe. Na Bledsoe huyohuyo alikuwa ameshapokwa namba kule New England mwaka 2001, alipoumia na kijana aliyechaguliwa wa 199, Tom Brady, akaingia na kumaliza msimu na ubingwa. Sikumbuki ukimlilia Bledsoe, Mjomba. Mwaka 2006 ulishangilia.

Januari 2017 Green Bay ilipotutoa kwenye mechi za mtoano, 34 kwa 31, uliniambia: ngoma ya watoto haikeshi. Hilo ndilo lililoniuma, maana jioni ile mtoto alikesha. Dallas ilikuwa nyuma 21 kwa 3. Prescott alitoa pasi za yadi 302, tachidauni tatu, mbili zikiwa za Dez Bryant, akasawazisha 28, akasawazisha tena 31. Aliyetumaliza ni kwotabeki wao Aaron Rodgers na ile pasi ya pembeni kwa Jared Cook, zikabaki sekunde tatu, Mason Crosby akapiga shuti la pointi tatu kutoka yadi 51. Ulinzi wetu ndio ulioruhusu pointi 34. Romo hakuwa mlinzi.

Na Romo mwenyewe aliliona mapema kuliko mashabiki wake. Novemba 15, 2016, timu ikiwa imeshinda nane na kupoteza moja, alisimama mbele ya waandishi akasema Prescott ameistahili nafasi ile. Nilimpenda zaidi siku hiyo kuliko msimu mzima wa 2014. Mechi ya mwisho kule Philadelphia akapewa zamu moja tu ya kushambulia, akaimaliza kwa tachidauni ya Terrance Williams. Nakubaliana nawe kwamba alistahili kuagwa kwa zaidi ya hapo.

Sasa nijibu jambo moja, na ujibu hapahapa watu wote wasome. Irudie ile mechi ya Green Bay tangu mwanzo, kisha uniambie: ni dakika gani hasa ungemtoa Prescott?