Kamati za harusi, kateni masaa na mitambo, msimkate mpiga picha

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na kamati za harusi, maana vikao vimeshaanza na magrupu ya WhatsApp ya michango yamejaa kwenye simu za watu. Nimekuwa mweka hazina wa kamati mara nyingi, kwa ndugu na kwa majirani, na kila mara ni yale yale, ahadi kibao, hela iliyoingia kiduchu, halafu tukifika kwenye kipengele cha picha na video mtu anasimama anasema tutafute wa bei ya chini. Jamani hapana. Chakula kitaliwa, mapambo yatang'olewa usiku ule ule, ukumbi una wenyewe, kinachobaki na maharusi ni picha. Mpiga picha mzuri abaki, tupunguze yale yanayomzunguka, maana ukiisoma vizuri ile karatasi ya bei utaona hela kubwa haiko kwenye picha zenyewe.

Iko wapi? Kreni, droni, kamera tatu za video, skrini kubwa mbili, shuti ya kabla ya harusi na nguo zake za kukodi. Kreni ndani ya ukumbi inakula nafasi ya meza mbili za wageni na inachotoa ni vichwa vya watu kutokea juu. Droni ndo kabisa, sherehe zetu nyingi ni za usiku na za ndani, itaruka wapi, halafu kurusha droni hapa kwetu kunataka kibali cha TCAA, ile mamlaka ya usafiri wa anga, hebu muulize huyo anayekuuzia kama anacho. Hivyo vyote fyeka na hakuna mgeni atakayerudi nyumbani akilalamika kwamba hakuona kreni.

Baada ya hapo angalieni masaa. Watu wanalipia kamera kuanzia saluni saa 3 asubuhi mpaka ukumbi unafungwa saa 6 usiku, na kati hapo kuna masaa kibao ya foleni na ya kusubiri bibi harusi abadilishe nguo. Kwa video chukueni ndoa yenyewe, kuingia ukumbini, keki, zawadi za wazazi na nasaha, basi, aondoke watu wakianza kucheza, muziki ule simu za vijana zinatosha. Video ya masaa matano haiangaliwi, ombeni ya nusu saa iliyoeditiwa vizuri, ila nasaha za wazazi na za bibi na babu muwekewe zote bila kukatwa hata sentensi, hizo ndo mtazitafuta wenyewe wakishatangulia. Na mwambieni mtu wa video aongee mapema na DJ achukue sauti kwenye mixa moja kwa moja, ni jambo la dakika chache, la sivyo mtabaki na mama anafungua mdomo tu na kelele za spika.

Kuna hela nyingine inapotea kwa sababu kamati hazisalimiani. Upande wa mwanamke wana sendofu na kamera zao, upande wa mwanaume wana harusi na kamera zao, wakati mpiga picha yule yule akipewa shughuli mbili kwa mkupuo anapunguza bei vizuri tu, na albamu inakuwa moja yenye mkono mmoja. Mwenyekiti ampigie simu mwenzake wa upande wa pili kabla advansi haijatoka.

Picha za nje nazo, msihangaike kuzunguka mji na bustani za hoteli zinazotoza. Wanaofunga ndoa kwenye makanisa ya St. Joseph au Azania Front bahari wanayo pale pale mbele, ya nini kukaa kwenye foleni na kundi la wasimamizi mpaka Coco Beach, wageni ukumbini wanasinzia na gari la kukodi linahesabu. Saa 11 jioni jua limeshapoa, nyuso zinatoka vizuri bila taa za kukodi, ila msichelewe maana huku kwetu giza linaingia haraka.

Ukumbini mpiga picha wenu asipewe kazi ya kuzunguka meza moja moja. Ruhusuni wale wapiga picha wa papo hapo wanaochapa na kuwauzia wageni, kila mtu anunue yake akipenda. Na MC awaombe watu wasijazane mbele na simu wakati wa pete na keki, inauma sana kumlipa mtu hela yote ile halafu picha ya pete ina kiwiko cha mjomba.

Kwenye makabidhiano nunueni hard disk yenu wenyewe mumpe awawekee picha zote kwa ukubwa wake kamili pamoja na video ambayo haijaeditiwa, mtaprinti mnapotaka, kwa muda wenu na kwa bei yenu. Zile za WhatsApp ni za kuangalia tu kwenye simu, inabana sana picha, ukiiprinti kubwa uso unatoka ukungu. Na malipo yagawanywe mara tatu, advansi, siku ya shughuli, na iliyobaki mkishika albamu mkononi. Kuna mmoja alilipwa yote kabla na maharusi wakaisubiri albamu mpaka mtoto akazaliwa, simu hapokei. Mwandikiane hata ukurasa mmoja, masaa mangapi, picha ngapi, lini mnakabidhiwa.

Tarehe pia ina bei yake. Jumamosi za Desemba kila mtu anamgombania mpiga picha mmoja, hapo huna la kumwambia, lakini ukimfuata na Ijumaa au Jumapili, au mwezi ambao harusi ni chache, anakaa na wewe mnaongea. Kwa wanaong'ang'ania Desemba hiyo hiyo, mpigieni wiki hii, mumtajie masaa mnayoyataka tu, msimuulize pakeji.

Mweka hazina wa kamati,
Tabata, Dar es Salaam