Mafundi wa Keko tuache kuvunjiana bei, tenda tuchukue pamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na mafundi wenzangu wa fenicha hapa Keko, na wengine wa Dar mnaoishi kwa kazi za mikono, maana hili jambo linatumaliza na hatulisemi.

Angalia inavyokuwa. Mteja anakuja na picha kwenye simu, anataka kitanda cha mninga sita kwa sita, fundi wa kwanza anamwambia tuseme laki nane, banda la pili laki saba, la tatu wameshasikia bei za huko nyuma wanamwita wenyewe, njoo bosi sita na nusu tunakutolea. Sasa mninga haujashuka bei, msasa haujashuka, vanishi haijashuka, huyo wa sita na nusu faida anaitoa wapi? Anaitoa kwenye kitanda chenyewe. Anachukua mbao mbichi, kule ndani ambako mteja haoni anaweka paini, vanishi anapiga mkono mmoja basi. Mbao inakuja kukaukia chumbani kwa mtu, inapinda, maungio yanaachia, na mteja hamlaumu yule fundi peke yake, anasema mafundi wa Keko matapeli. Wote tumeingia humo, hata aliyemwambia laki nane ya haki.

Sisemi tusishindane kabisa. Nani anachonga vizuri, nani anatoa oda siku aliyoahidi, huko tushindane sana tu. Ninachokataa ni kushindana nani yuko tayari kulala njaa zaidi ya mwenzake.

Na kinachoniuma zaidi ni kazi kubwa zinazotupita. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni kwa mtandao. Lakini shule ikitaka madawati mia tatu, mwenye banda moja na vijana wawili atayamaliza lini? Mabanda kumi ya mstari mmoja yakigawana, huyu anakata, huyu anapiga randa, wale wanaunga, wengine wanapiga msasa na vanishi, mzigo unatoka kwa wakati na kila mtu amekula. Hata mbao, tukichanga tukashusha lori zima badala ya kila mtu kuokota vipande kwa dalali, hapo gharama inapungua bila kumuumiza mtu yeyote.

Kuna na ile mikopo ya halmashauri, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Vikundi vingine vinaundwa siku ya kujaza fomu, hela ikitoka wanagawana kila mtu na njia yake, ikifika marejesho ni kukimbiana. Kikundi cha namna hiyo hakina kazi ya pamoja ndo maana hakidumu, kazi inatakiwa itangulie mkopo.

Najua wapo watakaosema ushirika tumeshauona, mweka hazina kala hela, na wana sababu ya kuogopa. Ila tusisahau wakulima wa kahawa Kilimanjaro walianzisha chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, enzi za mkoloni, wakauza kahawa yao kwa pamoja, na chama kipo mpaka leo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali 1976 halafu sheria ya 1982 ikavirudisha, kwa hiyo kuyumba viliyumba, lakini watu waliona hawawezi kuviacha. Hela ya pamoja ikae benki kwa saini tatu, mahesabu yasomwe kila mwezi mbele ya wote, na asiyetaka kusoma mahesabu asipewe uongozi, hata awe mkubwa wetu kiumri.

Ombi langu kwa manispaa yetu ya Temeke ni dogo. Afisa ushirika na afisa maendeleo ya jamii waje hapa Keko kwenyewe, siyo watuite ofisini siku ya kazi, waje Jumapili mchana watueleze namna ya kusajili kikundi na kujiunga na NeST, na waje na fomu kabisa.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam