Barua kwa mwanangu, Mkadiriaji Majenzi Mwandamizi

Mwanangu mpendwa,

Tumepokea kwa furaha habari ya kupandishwa kwako cheo, na mama yako anakupa hongera nyingi. Kwa kuwa kazi hii niliifanya kabla yako, niruhusu nikueleze jambo lililo zito kuliko yote katika cheo hicho, nalo ni saini yako kwenye hati ya malipo, ile inayothibitisha kiasi anachostahili mkandarasi kwa kazi aliyoifanya.

Hadi sasa ulipima na kukokotoa, mwingine akahakiki. Kuanzia leo mhakiki ni wewe. Hati ikiletwa mezani, usiridhike kwamba hesabu zimejumlishwa sawasawa, bali nenda eneo la ujenzi ujionee kama kazi inayodaiwa ipo. Anza na vile vitakavyofunikwa, maana zege likishamwagwa hakuna atakayeiona tena nondo. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa kilo 0.89 hivi kwa mita, na ya milimita 16 kilo 1.58, kwa hiyo iliyosukwa ikiwa ya 12 na hati ikadai ya 16, mshitiri, yaani mwenye mradi, analipia uzito ambao haupo, unaozidi robo tatu ya ule uliopo kweli. Uchimbaji nao, isipokuwa mkataba umesema vingine, upime kwa ujazo wa shimo lenyewe, kwa sababu udongo ukishachimbwa huvimba, na anayehesabu malori anamlipa mkandarasi kwa hewa tupu.

Hata hivyo, hukuwekwa hapo ili kumbana mkandarasi. Hili linaniuma, kwani wapo wenzetu wanaojisifu kwa kukata tu. Kazi ya nyongeza iliyoagizwa kwa maandishi na ikafanyika, ilipwe, tena kwa bei ya kipengele kinachofanana nayo katika mkataba, kama kipo. Wala hati isilale mezani kwako: nyuma yake wako mafundi na vibarua wanaongoja ujira wao, na katika mikataba mingi malipo yakichelewa mkandarasi hudai riba, nayo humwangukia mshitiri yuleyule unayedhani unamwokolea fedha.

Ukija likizo, njoo na michoro ya mradi wako mpya. Tutaanza na msingi, kwa kuwa hapo ndipo makadirio hupotoka zaidi, kabla ardhi haijachimbwa ikajulikana ilivyo.

Wasalaam,
Baba yako